Raha ndogo za msimu wa joto: marafiki, mbwa, paka na mikono isiyokaa bure

Kivulini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila joto likianza watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanalalamika tangu kunakucha hadi kunakuchwa. Wa pili hawahesabu kwamba wamefurahi mpaka iwe safari kubwa, mizigo mitatu na picha mia. Mimi sipo huku wala kule. Nataka kutetea raha ndogo: rafiki wawili watatu, mnyama wa nyumbani, na kitu cha kushughulisha mikono.

Msimamo wangu ni huu, mwenye kubisha abishe: msimu hauharibiwi na joto, unaharibiwa na saa. Watu wanapanga kila kitu kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri, jua likiwa la utosi, halafu wanashangaa mbona kila mtu kanuna. Mtazame mnyama wako. Mbwa anataka kutoka alfajiri. Mchana kajibwaga sakafuni, tumbo chini, miguu ya nyuma kaitupa nje kama chura. Jioni anakufuata na mpira mdomoni. Paka ndiye usiseme: mchana kutwa amelala, jua likizama ndiyo anaamka na kuanza kukimbizana na kivuli chake. Hakuna aliyewafundisha. Sisi wenye kalenda na saa za mkononi ndio tunaokwenda kinyume.

Kwa hiyo asubuhi ni ya miguu. Kutembea na mbwa saa 12 au saa 1, na rafiki mmoja, si kundi. Kundi asubuhi ni kusubiriana tu, na yupo yule mmoja ambaye kila akipigiwa simu "yupo njiani". Mnamjua.

Jambo la mbwa nalisema kwa uzito kidogo, maana hapa ndipo raha inapogeuka msiba. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko chini ya nyayo, nazo hazimsaidii sana. Anajipoza kwa kutweta, ulimi nje, unyevu wa mdomoni na kooni ukikauka na kuchukua joto. Ndiyo maana mbwa wa pua bapa, bulldog na pug kwa mfano, wanateseka kuliko wengine: njia ya hewa ni finyu, kutweta kwenyewe ni kazi. Halafu kuna lami. Siku ya nyuzi 25 tu za Selsiasi, lami iliyopigwa na jua inaweza kupita nyuzi 50. Weka mgongo wa mkono wako juu yake sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, naye hawezi, na hana viatu.

Mchana ni wa kivuli, na kivuli kina mambo yake. Kaa chini ya mti wenye majani mengi, uangalie ardhini vile vidoa vya mwanga. Matundu kati ya majani yana kila umbo: pembe, mipasuko, vijitundu vilivyochongoka. Lakini vidoa vingi ni mviringo. Sababu ni kwamba kila tundu dogo linafanya kazi ya kamera isiyo na lenzi, na kidoa unachokiona ni picha ya jua lenyewe. Siku jua likipatwa nusu, vidoa vyote chini ya mti hugeuka hilali kwa pamoja. Ukishalijua hili hutakaa tena chini ya mti bila kuinamisha macho.

Na jua hilo hilo linachora. Chukua karatasi ya rangi, ile ya kazi za mikono ambayo hupauka upesi, panga majani na maua juu yake, gandamiza kwa kioo, acha juani saa kadhaa. Ukiinua, pembeni pamepauka na umbo la jani limebaki na rangi yake ya kwanza. Anayetaka kwenda mbali zaidi kuna picha za buluu, sayanotaipu, alizozibuni John Herschel mwaka 1842: karatasi inapakwa chumvi za madini ya chuma, inawekwa juani, kisha inasuuzwa kwa maji ya kawaida tu. Mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kutoa kitabu cha picha za mwani wa baharini kwa njia hiyo hiyo, wakati wengi walikuwa hawajawahi kuona picha iliyochorwa na mwanga ndani ya kitabu. Bila lenzi. Jani, karatasi, jua.

Jioni nawaachia nyinyi. Karibuni, kila mtu aweke yake.

Jiwe Bapa

Mkuu umenena. Siti ya mbele nimekaa.

Yangu ni ya jioni, kando ya maji yaliyotulia: kurusha mawe yakaruka juu ya maji. Tunakutana marafiki wanne, kila mtu anakusanya mawe yake, na hairuhusiwi kuazima. Ubishi wote uko kwenye kuchagua. Jiwe liwe bapa, lisizidi kiganja, kingo zisiwe kali, na liwe na uzito kidogo. Jepesi mno linapeperuka.

Watu wanafikiri ni nguvu. Siyo. Ni mzunguko. Kidole cha shahada kinakumbatia ukingo wa jiwe, na ukiliachia kidole hicho ndicho kinalizungusha. Jiwe linalozunguka linashikilia mlalo wake, haliyumbi, kwa hiyo kila likigusa maji linagusa kwa pembe ile ile. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walitengeneza mtambo wa kurusha visahani majini wakaona pembe nzuri kati ya jiwe na maji ni nyuzi 20 hivi. Ukitaka kukadiria bila vipimo: ukingo wa mbele unyanyuke kidogo tu, na mkono wako uwe chini, usawa wa nyonga.

Rekodi ya dunia ni miruko 88, ya Mmarekani Kurt Steiner, mwaka 2013. Themanini na minane! Sisi wanne tukijumlisha ya jioni nzima sijui kama tunafika. Na hatuna haraka.

Angalizo: angalia kwanza kama kuna waogeleaji au bata. Jiwe halijui rafiki.

Mama Paka

Kivulini, umemwonea paka. Hajilalii tu mchana, anafanya kazi. Paka akijilamba sana wakati wa joto si usafi peke yake. Mate yakikauka kwenye manyoya yanampoza. Mtazame: anaanza kifuani, anakwenda mabegani, anarudia na kurudia, kisha anajinyoosha kwenye vigae ukumbini mpaka unashindwa kupita.

Raha yangu mimi ni kusoma dirishani naye akiwa miguuni. Si mapajani, joto lote hilo nani anataka koti la manyoya mapajani. Miguuni. Tunaheshimiana.

Lakini wenye paka weupe mnisikilize. Masikio na pua zao zinaungua na jua. Manyoya pale ni machache na ngozi haina rangi ya kuikinga, na jua la miaka likizidi linaleta saratani ya ngozi kwenye ncha za masikio. Ukiona kigaga kwenye ncha ya sikio ambacho hakiponi, usikipake dawa ya nyumbani, mpeleke kwa daktari. Na msiwapake mafuta ya kuzuia jua ya binadamu, wanayalamba yote.

Wenye nyavu za madirisha zilizolegea nao wajirekebishe. Joto likija madirisha yanafunguliwa, paka anamwona ndege, kwisha habari.

Mpitanjia

Mimi napinga. Mchana wa joto ndio wenyewe! Mnakimbia jua kana kwamba mnadaiwa nalo. Kuingia majini saa 7 mchana, jua kali, kutoka umeganda midomo, kujilaza kwenye jiwe la moto mpaka ukauke. Saa 11 jioni maji ni yale yale lakini jiwe limeshapoa, unatetemeka tu. Hapo hakuna raha.

Kivulini

Hoja ya jiwe la moto nakupa, mkuu. Sina jibu lake.

Ila mbwa umwache nyumbani. Na ukienda naye, usimfungie garini "dakika mbili tu". Watafiti walipima mwaka 2005: siku ya nyuzi 22, ambayo hakuna anayeiita ya joto, ndani ya gari lililofungwa ilifika nyuzi 47 kwa saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda kwenyewe ilikuwa nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Hizo dakika mbili huwa zinakuta foleni.

Mpitanjia

Sina mbwa. Nina kasa. Kasa na mimi tunaelewana kuhusu jua.

Jiwe Bapa

😂😂 Kasa kaingia kwenye uzi, heshima yake. Huyo anaota jua kwa lazima, hawezi kujitengenezea joto lake mwenyewe.

Mama Paka

Na huyo kasa naye awe na kivuli cha kukimbilia, Mpitanjia. Chombo cha kioo kikipigwa na jua moja kwa moja kinampika mwenye kupenda jua na asiyependa.

Mpitanjia

Anacho. Kibanda chake kizuri kuliko chumba changu.

Popo wa Usiku

Nimefika kwa kuchelewa, kama kawaida ya jina. Mmesahau usiku, na usiku ndio nusu ya msimu.

Cha kwanza, nyenje. Wanaolia ni madume, wanasugua bawa kwa bawa, na joto likipanda mlio unakwenda mbio. Mwili wa mdudu hauna joto lake, unafuata hewa. Mwaka 1897 Mmarekani Amos Dolbear aliandika kanuni yake, na wenye kutumia Selsiasi wameifupisha hivi: hesabu milio ya sekunde 8, ongeza 5. Ukipata 17, hewa ni kama nyuzi 22. Inakubali zaidi kwa aina moja ya nyenje wa mitini wa Amerika Kaskazini, wengine wana kasi zao, kwa hiyo chukulia kama mchezo. Kazi ngumu ni kumtenga mmoja kwenye kwaya nzima. Sisi tunafanya hivi: mmoja anashika saa, mwingine anahesabu amefumba macho, wa tatu ana kipimajoto mfukoni na haruhusiwi kukitoa mpaka watu wataje namba. Wanaochukizwa na makelele ya nyenje, wapeni mchezo huu mara moja, watabadilika.

Cha pili, vimondo. Mkeka, mto, blanketi hata kama kuna joto, maana saa 8 usiku ardhi inapoa. Walioko nusu ya kaskazini ya dunia wana Perseidi, ambazo hufikia kilele kila mwaka karibu na tarehe 12 na 13 Agosti. Ni vumbi la nyota mkia Swift-Tuttle, tunapita ndani ya mkondo wake, na chembe zinaingia angani kwa kilometa 59 kwa sekunde. Nyingi hazizidi punje ya mchanga. Walioko nusu ya kusini, ambako Desemba ndiyo joto, wana Jeminidi karibu na tarehe 13 na 14. Hizo ni za ajabu kwa sababu chanzo chake, Phaethon, kinahesabiwa asteroidi, yaani jiwe linalozunguka jua, na si nyota mkia ya kawaida.

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Mtu akiwasha simu kuangalia ujumbe, mnaanza upya wote. Kwetu kuna adhabu: aliyewasha ndiye anayekunja mikeka asubuhi.

Msitazame sehemu moja tu. Lala chali, tazama anga pana, na mzungumze. Kimondo kizuri huwa kinapita katikati ya hadithi ya mtu, hadithi inakatika, na hamna anayekumbuka ilikuwa imefika wapi.

Kivulini

Popo, hapo umegusa ninachokitaka hasa. Marafiki na mazungumzo. Nimeona kwamba kuwaalika watu "mje tukae tupige stori" mara nyingi kunazaa watu waliokaa wanaangalia simu. Waite kwa kazi ndogo. Mikono ikishughulika, maneno yanakuja yenyewe, na hata kimya hakimtii mtu aibu.

Mfano ninaoupenda ni kuziba pancha ya baiskeli. Wawili, beseni la maji, kivulini. Unatoa mpira wa ndani, unaujaza upepo, unauzamisha kipande kwa kipande huku ukiuzungusha. Mmoja anashika, mwingine anatazama. Vijipovu vinaonekana, vidogo kabisa, vinapanda kwa mstari mmoja. Unaweka kidole pale pale, usikitoe, rafiki anakausha kwa kitambaa na kuweka alama. Unasugua kwa msasa mpaka mng'ao uondoke. Unapaka gundi, na hapa ndipo wenye haraka wanaposhindwa: usibandike kiraka gundi ikiwa mbichi. Subiri dakika tano hivi mpaka ukigusa isinate kidoleni. Dakika hizo tano za kusubiri ndizo nilizosikia habari nyingi za maana kuliko vikao vyote vya kupangwa. Watu hawaangaliani usoni, wanaangalia kiraka, basi wanasema.

Halafu pitisha vidole ndani ya tairi taratibu kabla ya kurudisha. Mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo.

Jiwe Bapa

Hili la kuangalia kiraka ni kweli tupu. Kwenye mawe ni hivyo hivyo, tunaangalia maji.

Mgeni Mtulivu

Wakuu, mimi marafiki wote wamehama au wana mambo yao. Nina mbwa mmoja mzee. Hizi raha zenu zinahitaji watu.

Kivulini

Karibu, ndugu. Nyingi hazihitaji. Mbwa mzee na karatasi za jua vinatosha asubuhi nzima. Mzee hataki mwendo mrefu, anataka kunusa. Mpe kamba ndefu, mwache aongoze, hata kama ni mita hamsini kwa nusu saa. Kwake kunusa ndiyo kusoma habari za mtaa, usimvute. Na mtu anayesimama simama na mbwa mzee anasalimiwa na kila anayepita, kwa hiyo upweke wenyewe unapungua bila kuutangazia vita.

Jambo moja la afya. Mzee anazidiwa na joto upesi. Ukimwona anatweta bila kupumzika, mate mazito, anapepesuka, usingoje. Kivulini, mmwagie maji ya baridi mwilini, mpepee, kisha daktari wa mifugo. Kumpoza kwanza, safari baadaye. Usimfunike na taulo bichi ukaliacha, likishapata joto linamzuia kupoa.

Mama Paka

Mgeni Mtulivu, na mimi nakuongezea: anza kuhifadhi majani. Jani kati ya karatasi za gazeti, vitabu vizito juu, karatasi uzibadilishe siku za mwanzo ili lisiote ukungu. Andika pembeni tarehe na mahali mbwa alipolinusa. Baada ya muda una kumbukumbu za matembezi yenu. Mimi nilianza hivyo, sasa paka analalia vile vitabu vizito, kazi yake ya kwanza maishani.

Mgeni Mtulivu

Hiyo ya tarehe na mahali nimeipenda. Ahsanteni. Leo jioni naanza.

Popo wa Usiku

Ukitoka kwenda na chakula cha kula nje, mbwa asiguse zabibu, mbichi wala kavu. Zinaweza kuua figo zake. Vitunguu na chokoleti pia mweke mbali navyo. Watu wanakumbuka chokoleti, zabibu wanasahau.

Jiwe Bapa

Na maji ya bwawa yakiwa na utando wa kijani kibichi juu, kama rangi iliyomwagika, mbwa asiingie wala asinywe. Kuna vijidudu vya kijani-buluu vyenye sumu, vinapenda maji yaliyosimama wakati wa joto. Hapo hata mawe hatutupi, tunahamia kwingine.

Sikio Refu

Uzi mzuri, nimesoma wote. Mmemsahau sungura. Ninaye mmoja, joto likizidi nafanyaje? Kuna mtu kaniambia nimwogeshe maji ya baridi.

Kivulini

Usimwogeshe! Sungura akizamishwa majini anapata mshtuko, wengine hufa kwa hilo. Yeye hatoi jasho na kutweta hakumsaidii kama mbwa. Joto analitoa kwa masikio, yale makubwa yana mishipa mingi ya damu. Basi lowesha vidole kwa maji ya kawaida umpanguse masikio kwa nje. Jaza chupa maji, igandishe, izungushie kitambaa, iweke chumbani mwake, ataisogelea mwenyewe akitaka. Kigae kimoja kilichowekwa kivulini pia anakipenda.

Kuanzia nyuzi 28 hivi kwenda juu mhesabu yuko hatarini, hata kama wewe unaona ni kawaida, na mwamishie ndani penye ubaridi. Kibanda kiangalie saa 6 na saa 9, maana kivuli cha asubuhi huhama. Ukimkuta kalala ubavu, mdomo wazi, masikio ya moto, hilo si la kuuliza humu, ni la daktari saa ile ile.

Sikio Refu

Nimekupata mkuu. Chupa ipo kwenye friza tayari.